Kibao gani mbele ya skuli: pembetatu, duara, buluu au maandishi?

Lami ikishafika kijijini, kamati ya skuli haichelewi kuzungumzia watoto wanavyovuka. Gari zimeongezeka, vespa na bodaboda hazihesabiki, na azimio huwa moja: tuombe kibao. Barua inaandikwa, inapita kwa sheha, kiongozi wetu wa mtaa hapa Zanzibar, inafika wilayani, na ndani yake mna sentensi moja tu, "tunaomba alama ya barabarani." Mhandisi anayeipokea hana budi kukisia. Anaweza kuleta pembetatu yenye picha ya watoto, au duara lenye namba 30, au akachora kivuko cha punda milia na kukisimamishia kibao cha buluu. Vitu hivi havifanyi kazi moja. Kila kimoja kinamtaka dereva afanye jambo jengine, na kikiwekwa pasipo pake hakimlindi mtoto hata mmoja. Ulinganisho huu ni wa walimu, wazee na masheha wanaotaka barua yao itaje kitu mahsusi na sababu yake.

Umbo lina maana yake

Alama tunazoziona Unguja na Pemba ni za ukoo unaotumika kusini mwa Afrika, ule unaoelezwa na mwongozo wa SADC. Tanzania Bara nayo ilitoa mwongozo wake mwaka 2009. Barabara za huku ni jambo la Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, lakini dereva anayeshusha gari yake bandarini Malindi akitokea Dar es Salaam hahitaji kujifunza upya, maana umbo na rangi ni zile zile. Ukirudi nyuma zaidi utakuta mkataba wa Vienna wa mwaka 1968, ulioanza kutumika 1978, ambao uliziweka alama katika makundi manane: onyo, kipaumbele, katazo, lazima, na kuendelea hadi maelekezo na vibao vya nyongeza. Na kabla ya yote hayo, Paris mwaka 1909, mataifa yalikubaliana juu ya alama nne tu: tuta au mbonyeo, kona, njia panda na reli. Ukiiondoa reli, zile tatu ndizo zinazomshughulisha dereva wa Pemba mpaka leo.

Mtu asiyetaka kuyashika makundi manane ashike haya: pembetatu inaonya, duara linaamuru, mstatili na mraba vinaarifu. Duara lenye ukingo mwekundu linakataza au linaweka kikomo, duara la buluu linalazimisha. Alama mbili zimetengewa umbo lao peke yao, nazo ni ile ya kusimama, yenye pembe nane, na ile ya kutoa njia, pembetatu iliyogeuzwa kichwa chini. Hilo halikufanywa kwa urembo. Huko Marekani mwaka 1923 wahandisi walipendekeza kwamba hatari ikizidi, pembe za kibao nazo zizidi, na pembenane ikapewa amri ya kusimama. Faida yake utaiona ukikitazama kibao hicho kwa nyuma. Huoni maandishi wala rangi, lakini unajua kwamba anayetokea upande ule ndiye anayepaswa kusimama. Jua la huku hula rangi nyekundu haraka, na nimeona alama zilizobaki na wekundu kama chai ya maziwa. Umbo haliliwi na jua.

Pembetatu au duara

Hapa ndipo penye uamuzi mzito, na kamati nyingi hupapita haraka.

Pembetatu yenye picha ya watoto inamwambia dereva afumbue macho, mbele kuna wadogo. Haimwekei kiwango. Akipita na mwendo wake ule ule bila ya kumgusa mtu, askari hana namba ya kumuonesha kwamba ameivunja. Duara la 30 ni sheria. Trafiki akimpima akamkuta na 60, kesi imekamilika. Kwa hivyo wengi husema duara ni bora kwa kuwa lina meno. Mimi sikubaliani nao moja kwa moja. Meno ya duara ni askari, na askari wetu hawawezi kusimama kila penye skuli kuanzia Nungwi hadi Makunduchi. Dereva wa daladala anayepita njia moja kutwa mara kadhaa anajua vyema wapi pana mtu na wapi hapana. Duara lililowekwa kwenye barabara iliyonyooka, mashamba huku na huku, nyumba hakuna na skuli imejificha nyuma ya miembe, litadharauliwa mwezi wa kwanza, na likishadharauliwa moja yanadharauliwa yote.

Duara linafaa pale ambapo dereva anaona kwa macho yake sababu ya namba ile: nyumba zimeikaribia barabara, mabaraza yana watu, maduka yako wazi, watoto wanaonekana. Hapo 30 ni namba ya haki. Tangazo la Stockholm la mwaka 2020 kuhusu usalama barabarani liliitaja namba hiyo hiyo kwa sehemu ambazo gari na waenda kwa miguu wanachanganyika, kwa sababu mtu aliyegongwa na gari ya mwendo huo ana nafasi kubwa ya kupona, na mwendo ukipanda nafasi hiyo inaporomoka. Mkiomba duara, ombeni na mwenzake wa kumaliza kikomo. Dereva asiyejua 30 inaishia wapi hujiamulia mwenyewe, na aghalabu huamua kwamba imeishia pale pale.

Pembetatu inafaa pale ambapo hatari haionekani. Pemba ni mfano mzuri kwa vilima vyake: barabara inateremka, inapinda, na chini ya mteremko, baada ya kona, ndipo penye lango la skuli. Tahadhari kabla ya hatari, walisema wahenga, na hapa maneno yao ni kipimo cha kiufundi. Gari inayokwenda kilomita 50 kwa saa inakula mita 14 kila sekunde, na ikienda 80 inakula mita 22. Kitabu cha madereva cha Uingereza kinahesabu kwamba gari ya mwendo wa 48 inahitaji mita 23 kusimama tangu dereva aone, na ya mwendo wa 80 inahitaji mita 53. Hapo breki ni nzima na lami ni kavu. Msimu wa masika, na gari imejaza abiria na magunia juu ya kerea, ongezeni. Pembetatu iliyosimamishwa langoni mwa skuli, kama zilivyo nyingi, inamuonya dereva wakati mtoto ameshaingia barabarani. Pahala pake ni juu ya mteremko, kabla ya kona, karibu mita 150 nyuma kwenye barabara kuu, na mita 50 hadi 100 pale gari zinapokwenda taratibu.

Kuna na suala la saa. Baadhi ya nchi huweka chini ya alama kibao cha nyongeza kinachotaja saa za skuli, ili dereva asibanwe usiku bure. Kwetu sikipendekezi. Skuli nyingi zina mkondo wa asubuhi na wa mchana, na watoto wakitoka skuli wanakwenda chuoni kusoma Kurani, wengine baada ya magharibi, na wanarudi nyumbani gizani baada ya isha. Saa za hatari zinajaza siku nzima. Zaidi ya hapo, mgeni aliyekodi gari akisoma saa 1 kwenye kibao ataielewa kwa hesabu ya saa ya kwao, si ya kwetu. Acheni alama iseme muda wote.

Kivuko na kibao cha buluu

Kivuko cha punda milia, pamoja na kibao cha mraba wa buluu chenye picha ya mtu anayevuka, kina jambo moja ambalo pembetatu na duara hazina: kinampa mwenda kwa miguu haki na kumuonesha mahala pa kuitumia. Darajani, Michenzani, Mwanakwerekwe, sehemu ambazo gari zimeshabanwa na msongamano, kinafanya kazi. Watu ni wengi, wanavuka kwa makundi, na dereva anasimama kwa kuwa hana njia nyengine.

Kwenye barabara kuu ya shamba nakiogopa. Mtoto wa darasa la pili amefundishwa kwamba kwenye mistari myeupe gari husimama, naye anaamini alichofundishwa. Dereva anayekuja na 80 anaiona mistari ikiwa mita thelathini mbele yake, na pengine haioni kabisa, kwa sababu imefutika au imefunikwa vumbi la kifusi. Kivuko cha namna hiyo kinamtoa mtoto hofu iliyokuwa ikimlinda. Kama kamati inakitaka nje ya mji, ikiombe kikiwa kimeinuliwa juu ya tuta pana, na pembetatu iwe imetangulia. Vyenginevyo bora kusiwe na mistari.

Picha au maneno

Wanakijiji wasiojibiwa barua yao hawakai mikono mitupu. Hupata kipande cha plaiwudi, rangi ya mafuta na kijana mwenye mkono mzuri, wakaandika POLEPOLE WATOTO WANAVUKA. Nawaheshimu sana kwa hilo. Lakini tuupime ubao huo kwa haki.

Kwa makadirio ya kawaida, kila sentimita moja ya urefu wa herufi husomeka kwa umbali wa mita nne hivi. Herufi za sentimita 5, ambazo ndizo zinazoenea kwenye kipande cha plaiwudi, zitasomeka kwa mita 20. Gari ya mwendo wa 50 inazimaliza mita 20 kwa sekunde moja na nusu. Katika muda huo dereva asome maneno matatu, ayaelewe, na aondoe mguu kwenye mafuta. Haiwezekani. Ubao huo huo ukiuhamishia njia ya ndani ya shehia, ambako gari inakwenda 20 kwa sababu ya mashimo, dereva atakuwa na zaidi ya sekunde tatu, na hizo zinamtosha. Kwa hivyo plaiwudi yenye maneno ni chaguo la halali kwa njia za ndani, na ni chaguo bovu kwa barabara kuu. Wenye kuandika waandike herufi nyeusi juu ya nyeupe, maneno yawe machache, na wasitumie herufi kubwa tupu. Wabunifu Jock Kinneir na Margaret Calvert, waliochora upya alama za Uingereza zilizoanza kutumika 1965, walichanganya herufi kubwa na ndogo kwa sababu neno lililoandikwa hivyo lina umbo lake, na jicho linalitambua kabla ya kulisoma.

Wabunifu hao hao wanatufundisha jambo juu ya picha. Kabla yao, alama ya skuli ya Uingereza iliwahi kuwa mwenge unaowaka, yaani mwenge wa elimu. Fikiria dereva wa Zanzibar aonyeshwe mwenge: atafikiria mbio za Mwenge wa Uhuru, sidhani kama atafikiria mtoto anayevuka. Calvert akachora msichana amemshika mkono mtoto mdogo wanakwenda mbio, na msichana yule alimchora kwa kutazama picha yake mwenyewe ya utotoni. Picha nzuri ya barabarani humuonesha dereva yule yule atakayemkuta mbele. Mwenye gari la ng'ombe aliyekatisha masomo mapema anaielewa, na mtalii aliyekodi skuta Paje anaielewa pia, wala hapana mmoja wao anayehitaji kujua lugha ya mwenziwe.

Kuhusu ile njano ya Kimarekani, nitasema machache. Marekani alama za onyo ni mraba wa njano uliosimama kwa pembe, na Ireland nayo hutumia njano ingawa iko Ulaya. Mkataba wa Vienna unazikubali zote mbili. Kwa kuonekana, njano ina nguvu mbele ya kijani cha minazi na mikarafuu, sibishi. Ila katika mfumo wa SADC mandhari ya njano ni ya alama za muda, zile za matengenezo ya barabara. Dereva wa huku akiiona anatarajia mafundi na kifusi. Mfadhili akija na vibao vya njano kutoka kwao, ashukuriwe, na aombwe abadilishe.

Tuta linapokishinda kibao

Barabara ya Paje inapita katikati ya msitu wa Jozani, makaazi ya kima punju. Wanyama hawa asili yao ni Unguja peke yake, na walikuwa wakigongwa mara kwa mara. Katika miaka ya 1990 yaliwekwa matuta, na watafiti waliohesabu vifo kabla na baada ya matuta walikuta vimepungua sana. Kima hajui kusubiri gari ipite, na mtoto wa miaka sita hana tofauti kubwa naye katika hilo. Dereva anayepuuza namba hawezi kulipuuza tuta, kwa kuwa gari ni yake na springi ni zake.

Basi tuombe matuta tu? Hapana, kwa sababu tuta lisilotangazwa nalo linaua. Kijana wa vespa, usiku, taa hafifu, amempakia mwenziwe, anakutana na tuta lisilo na rangi wala kibao. Tuta na pembetatu yake ni vitu viwili vya bei moja, visitenganishwe katika barua. Na matuta ya kujijengea kwa zege au vifusi, marefu kwenda juu na membamba, yaachwe kabisa. Yanavunja gari ya wagonjwa kama yanavyovunja ya mlevi. Ikiwa barabara ni ya mwendo mkubwa na tuta haliruhusiwi, kuna mistari ya kutetemesha, wengine huiita rasta, inayoweza kutangulia kivuko.

Bamba, bolti na mwanga wa usiku

Alama sahihi kwenye bamba baya haimalizi mwaka. Pwani ya mashariki, Jambiani, Bwejuu, Makunduchi, upepo wa kusi unakuja na chumvi. Bati la kawaida linaoza kuanzia pembezoni na kwenye matundu ya bolti. Plaiwudi inavimba. Alumini inadumu, ila ikifungwa kwa bolti za chuma cha kawaida, chumvi inazila metali mbili pale zinapogusana, kwa hivyo zitakiwe bolti zisizoshika kutu na washa za plastiki. Nguzo iwe ya paipu ya galvanaizi, iliyozamishwa kwenye zege. Hofu ya wezi wa chuma chakavu ni ya kweli. Bamba likitobolewa matundu machache na nati zikaungwa kwa welding, mnunuzi hapati cha kukitamani. Ukingo wa chini wa alama uwe juu ya kichwa cha mtu mzima, mita mbili na kidogo, isije ikamgonga mpita njia wala ikawa ubao wa kubandikia matangazo.

Usiku ndio unaotenganisha alama na ubao. Alama ya kweli imefunikwa karatasi ya kuakisi, yenye chembe za kioo au vijipembe vidogo vinavyourudisha mwanga wa taa kule kule ulikotoka. Ziko daraja mbalimbali: ya chini watengenezaji kwa kawaida huipa muda wa miaka 7, ya kati 10, na ya juu zaidi ya hapo. Kwa skuli iliyo karibu na chuo cha usiku, mimi ningelipia ya kati na kupunguza idadi ya vibao. Kuipima ni rahisi: simama usiku mita thelathini kutoka kwenye alama, weka tochi ya simu kando ya jicho lako, mulika. Ikikuwakia, ni nzima. Ikibaki kivuli, dereva naye haioni, na ni wakati wa kudai nyengine, hata kama mchana inapendeza.

Sasa tuchague

Skuli iliyo kwenye barabara kuu ya wazi, baada ya kona au mteremko: pembetatu ya watoto kwanza, mbali na lango, kisha tuta pamoja na pembetatu yake. Duara la 30 lifuate ikiwa nyumba zimeizunguka skuli. Skuli ya mjini yenye msongamano: kivuko na kibao cha buluu, na rangi ipakwe upya kila mwaka. Skuli ya njia ya ndani: ubao wa maneno machache unatosha mpaka lami ifike. Pesa zikitosha kitu kimoja tu kwenye barabara kuu, mimi ningechagua tuta lililotangazwa kwa alama, kuliko vibao vyengine vitatu bila ya tuta.

Barua itaje pahala kwa alama zisizohama: kutoka daraja fulani, kabla ya kona, kushoto kwa anayetoka Mkoani. Iseme watoto wanavuka wangapi na saa ngapi, mkiwa mmewahesabu asubuhi, mchana na baada ya magharibi. Na iombe alama kwa pande zote mbili, kwa sababu anayetoka Chake Chake haioni pembetatu iliyowekewa anayetoka Mkoani.